Matope Yana Kimo Chake

Nilirudi pale baada ya miezi minane, siku ya pili ya bamvua, maji yamekupwa hadi mbali. Mistari ya miche ya mikoko ilikuwa bado imenyooka vilevile tulivyoipanda kwa kamba, ila sasa ilikuwa mistari ya vijiti. Nilishika kimoja, kikakatika. Ndani kilikuwa cheusi, kimelowa. Cha pili hivyohivyo. Vingine vilikuwa vimegandwa na chaza wadogo mpaka vikalala ubavu kwa uzito. Niliendelea kutembea nikihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi niliyoijua, na nilipofika mwisho wa mstari wa nne nikaacha. Kati ya maelfu ya miche tuliyopanda, iliyo hai ilikuwa ile michache ya upande wa juu kabisa, karibu na msitu wenyewe. Pale tulipanda kwa sababu tu miche ilikuwa imebaki, jua linazama, na watu wamechoka.

Wakati huo nilikuwa na shahada ya uzamili na miaka minne ya kuingia mikokoni. Nilijiona najua. Leo nina zaidi ya miaka thelathini katika utafiti wa ardhioevu za pwani, na ninapoulizwa ni lini hasa nilianza kuwa mtafiti, najibu kwamba ni asubuhi ile, nikiwa nimesimama katikati ya vijiti vilivyokufa.

Miaka yangu minne ya mwanzo niliimaliza kwa kupima miti. Mti wa kawaida hupimwa unene wake mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Mkoko hauna shina la kupima hivyo. Mizizi yake hutoka juu kwenye shina na kushuka kwa upinde hadi topeni, mingine juu ya kichwa chako, kwa hiyo unaparamia mpaka sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa ndipo unazungusha utepe. Siku nzima inaweza kuisha kwa miti arobaini. Chini ya matawi tulitundika vyandarua vya kukusanya majani yanayoanguka, na kila baada ya wiki mbili tukayatoa, tukayakausha, tukayapima kwa gramu: majani peke yake, maua peke yake, mbegu peke yake. Niliipenda kazi hiyo na bado naipenda. Majani yale ni chakula. Tangu miaka ya 1960 na 1970, watafiti wa vinamasi vya chumvi vya Georgia na wa mikoko ya Florida, huko Marekani, walionyesha kwamba jani linaloanguka na kuoza ndilo linalolisha kaa, kamba na samaki wachanga. Kila jani nililolipima nililiona kama sehemu ya hesabu hiyo kubwa.

Ndipo nikajifunza pia ule mpangilio wa aina za miti ya mikoko ambao kila mwanafunzi hufundishwa. Mbele kabisa, kwenye maji, kuna mlilana. Nyuma yake unafuata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya upinde. Kisha muia na mkandaa. Nyuma kabisa, ambako bahari hufika mara chache na chumvi inabaki juu ya ardhi kama unga, unasimama mchu. Mchu una njia yake ya kuishi pale: chumvi inayoingia mwilini huitoa kupitia majani, na ukiramba upande wa juu wa jani asubuhi ulimi unaisikia. Mkoko wenyewe huizuia sehemu kubwa ya chumvi tangu kwenye mizizi. Niliuchora mpangilio huo daftarini, nikaugeuza ramani ya kupandia.

Lakini mchu ulikuwa na jambo lake. Katika maeneo mengi ya pwani ya Afrika Mashariki mchu hauko nyuma tu. Uko pia mbele, kwenye mchanga wa ukingo wa bahari, tena pale ni mti mrefu mnene, wakati ule wa nyuma ni mfupi kama kichaka. Mti mmoja, ncha mbili za msitu. Nililiona hilo katika vipimo vyangu mwenyewe kwa miaka minne. Niliandika, nikachora jedwali, nikapita. Sikujiuliza kitu gani kinazifanya mbele na nyuma zifanane kiasi cha mti uleule kukubali kote kuwili. Kama ningejiuliza, ningeanza kufikiri juu ya maji na ardhi, na huenda ile miche isingekufa.

Basi fedha zikaja. Mfadhili mmoja alitaka miche mingi ipandwe kabla ya mwisho wa mwaka, na sisi tukatafuta mahali pasipo na mti wala mwenyewe. Tulipapata: uwanda mpana wa tope tupu mbele ya msitu, unaong'aa maji yakikupwa. Tulidhani pako wazi kwa sababu miti ilikatwa. Hatukumuuliza mtu kama miti iliwahi kuwapo. Tukaokota mbegu za mkoko, ambazo huota zikiwa bado zinaning'inia mtini na kuanguka zikiwa ndefu kama penseli kubwa, tukazichomeka topeni kwa mistari. Ni kazi rahisi mno kuifanya vibaya. Kila aliyekuja alichomeka mia kadhaa kwa siku moja akaondoka na furaha.

Aliyenifungua macho ni mzee aliyekuwa akituvusha kwa mtumbwi. Ujana wake aliumaliza katika kukata boriti na fito humohumo mikokoni, na uzee wake katika kutega samaki. Nilipomwonyesha vijiti vile hakushangaa.

"Mwanangu, hapa mmepanda mahali pa samaki."

"Mahali pa samaki vipi, mzee?"

"Njoo siku za maji mafu utazame."

Nilikuja. Kwa asiyejua: bamvua ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapokupwa mno na kujaa mno, maji mafu ni siku za katikati, inapojongea kidogo tu huku na huku. Mimi kama watafiti wengi nilikuwa nikipanga safari zangu siku za bamvua peke yake, kwa kuwa ndipo unaweza kutembea. Msitu niliujua ukiwa mkavu. Siku ile ya maji mafu nilikaa mtumbwini na mzee tangu alfajiri hadi jioni, na uwanda wetu wa miche haukutokeza hata kidogo. Maji yalishuka kifuani mwa vijiti, yakatulia, yakapanda tena. Pembeni, chini ya miti ya asili, ardhi ilikauka kama kawaida.

"Mti nao unataka kupumua," alisema. Kisha akanionyesha jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila siku: alama za tope kwenye mashina, mstari mmoja hafifu unaokwenda sawasawa toka mti hadi mti, msitu mzima. "Maji huandika yanapofika. Ninyi mnasoma majani."

Wiki iliyofuata nilifanya kipimo ambacho nilistahili kukifanya kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini. Hatukuwa na chombo cha kupimia ardhi. Tulitumia ule mpira mrefu wa kupenyeza mwanga ambao waashi huujaza maji ili kupata levo ya ukuta. Mmoja anashika ncha moja kwenye fimbo yenye sentimita, mwingine anakwenda na ncha ya pili. Maji ndani ya mpira yakitulia, ncha zote mbili ziko sawa, na tofauti ya ardhi unaisoma kwenye fimbo. Ukiacha kipovu kimoja cha hewa ndani ya mpira, kipimo chote ni bure, kwa hiyo tulikuwa tukiugonga kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho na kuangalia dhidi ya jua. Tulipima toka kwenye mti wa asili wa mbele kabisa hadi kwenye mistari yetu. Mti wa mwisho wa asili ulikuwa juu ya mstari wetu wa kwanza kwa sentimita 20 hivi. Mistari ya mbali ilikuwa chini kwa zaidi ya sentimita 50. Na ile miche michache iliyopona, tuliyoipanda kwa uchovu, ilikuwa kwenye kimo kilekile cha msitu.

Nilikaa juu ya mzizi nikaangalia namba zile kwa muda mrefu. Msitu mzima, mamia ya hekta, ulikuwa umekaa ndani ya ngazi moja nyembamba kuliko kimo cha mtu. Kwa jumla mikoko hustawi katika nusu ya juu tu ya eneo linalofikiwa na maji, kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari kwenda juu. Chini ya hapo mche unazama muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili, kwa kuwa tope la mikoko halina oksijeni karibu kabisa na mizizi lazima ipate hewa kutoka juu: mchu kwa vile vidole vyake vinavyochomoza ardhini, muia kwa magoti yake, mkoko kwa vitundu vidogo kwenye mizizi ya upinde. Na kilichoniliza hasa ni kwamba uwanda ule haukuwa mtupu. Ndege wa pwani walikuwa wakila pale, watu walikuwa wakitega pale, na sehemu ya chini kulikuwa na majani ya bahari tuliyokuwa tukiyakanyaga bila kuyatazama. Tulikuwa tumechukua ardhioevu moja iliyo hai tukajaribu kuigeuza nyingine.

Baadaye nilipoanza kusoma kwa jicho hilo niligundua kosa letu lilikuwa likifanywa dunia nzima. Ufilipino, Jurgenne Primavera na mwenzake waliandika mwaka 2008 kwamba baada ya miaka na fedha nyingi za kupanda, miche iliyodumu kwa muda mrefu katika maeneo mengi ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu yake ilikuwa ileile: mkoko uliochomekwa chini mno, mahali ambapo mlilana na mchu ndiyo ingejaribu, au pasipotakiwa mti wowote. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, watu walipanda kwa uchungu wa msiba, na watafiti waliozunguka katika maeneo 23 walikuta 9 hayana mche hata mmoja. Ninapozisoma namba hizi huwaona wale waliochomeka miche siku nzima wakaondoka na furaha. Hawakustahili kudanganywa na sisi tuliojiita wataalamu.

Nilichojifunza kutoka Florida kilikuwa kazi za Robin Lewis, mtaalamu wa kurejesha mikoko, ambaye alikwisha kusema kwa miaka mingi kwamba swali la kwanza ni kwa nini mikoko haioti hapa yenyewe. Mti mmoja wa mkoko huangusha mbegu kila mwaka, na bahari huzisambaza bure. Kama mbegu zinafika na haziishi, kuna kitu kinazizuia. Ukikiondoa, upandaji mara nyingi hauna haja. Ukishindwa kukiondoa, hata ukipanda mara kumi utazika mara kumi.

Nafasi ya kulijaribu hilo niliipata katika shahada yangu ya uzamivu. Palikuwa na kipande cha msitu nyuma ya tuta la barabara, michu mitupu, imekufa imesimama, myeupe kama mifupa. Watu walisema ni wadudu. Wengine wakasema ni ukataji. Ukiingiza fimbo topeni harufu iliyotoka ilikuwa ya yai bovu, kali hadi kichwa kinauma. Hiyo ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Tope lisilo na hewa lina bakteria wanaopumua kwa kutumia salfati ya maji ya bahari, na wakimaliza huacha salfaidi, ambayo ikizidi ni sumu kwa mizizi. Katika msitu wenye afya maji huingia na kutoka na kaa huchimba, kwa hiyo sumu hiyo hupunguzwa kila siku. Hapa maji ya bamvua yalikuwa yakipita juu ya tuta na kubaki. Chini ya barabara kulikuwa na kalavati moja tu, nyembamba, nayo ilikuwa imewekwa juu kuliko mkondo wa zamani. Maji yaliweza kuingia, kutoka hayakuweza.

Tulichukua ule mpira wa waashi tena. Siku nne tulifuatilia mkondo wa zamani ndani ya tope hadi tukaujua kama mstari wa kiganja. Kisha ikaja miaka miwili ya barua na vikao, ambayo sitaisimulia, mpaka kalavati pana zaidi likawekwa katika kimo cha mkondo na mfereji ukafunguliwa kwa majembe. Hatukupanda mche hata mmoja. Wafadhili walitaka picha za watu wenye miche mikononi, na nilikuwa na picha za mfereji.

Waliorudi kwanza walikuwa kaa. Mwezi wa tatu niliona tundu moja jipya, na tope lililotolewa nje limejikunja kama vidonge, rangi yake ya kahawia mahali ambapo kila kitu kilikuwa cheusi. Ile kahawia ilikuwa kutu: hewa imeingia, chuma kilichomo topeni kimeshika oksijeni. Nilipiga magoti nikaichukua kwa ncha ya kidole. Huko Queensland, Australia, Thomas Smith na wenzake waliwahi kuwaondoa kaa katika vipande vya msitu wa mikoko, na matokeo yao ya mwaka 1991 yalionyesha salfaidi ikipanda na ukuaji wa miti ukipungua. Nilikuwa nimeisoma karatasi ile mara nyingi. Siku ile niliiona ikitokea kinyumenyume mbele yangu: kaa anarudi, sumu inapungua, ardhi inajiandaa. Mwaka wa pili michu midogo ikaanza kutokeza ukingoni mwa mfereji, yenye majani mawili mawili. Mwaka wa tatu nililazimika kuweka fremu na kuhesabu kwa sampuli, kwa kuwa ilikuwa mingi mno kuhesabiwa mmoja mmoja. Mzee alipoiona aliuliza nani kapanda. Nikamwambia hakuna. Alicheka sana, na tangu siku hiyo akaanza kuniita mtaalamu, jina ambalo hakuwahi kunipa kabla.

Kimo huua kwa pande zote mbili. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo mwingi katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, na mamia ya hekta za mikoko zikafa. Ardhi ilipanda mno na kwa ghafla. Mwishoni mwa 2015 na mwanzo wa 2016, katika Ghuba ya Carpentaria kaskazini mwa Australia, zaidi ya hekta 7,000 zilikauka kandokando ya pwani ya urefu wa kilomita 1,000 hivi. Pale usawa wa bahari ulishuka kwa muda wakati wa El Niño na miti ikakosa maji. Bahari ikishuka, inakufa. Udongo ukipanda, inakufa. Mche ukiwekwa chini, unakufa. Kila nilipokwenda swali lilikuwa lilelile la mpira wa maji.

Kisha ukaja wakati wa kaboni, na kazi yetu ikabadilika sura. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyolipa umaarufu jina la kaboni ya buluu, yaani kaboni inayohifadhiwa na mikoko na ardhioevu nyingine za pwani, na mwaka 2011 Daniel Donato na wenzake wakachapisha vipimo vya mikoko ya Indo-Pasifiki: wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa ikiwa ndani ya udongo. Ghafla kila mtu alitaka kujua kuna nini chini ya miguu yetu. Nilishaingiza bomba la kuchotea tope mara nyingi, lakini mara ya kwanza nilipolifanya kwa ajili ya kaboni nilitulia nikaliangalia lile tope kwa heshima mpya. Lilitoka kama kipande kirefu cha nusu bomba, cheusi, laini, na ndani yake kwenye kina cha mita moja na nusu palikuwa na uzizi mwekundu wa mkoko, mzima, nyuzi zake zikionekana. Haujaoza kwa sababu hewa haifiki. Mti ulioutoa ulishakufa zamani hata sikuweza kukisia, na kaboni yake bado ipo.

Nafurahi kwamba dunia imeliona hilo. Ghuba ya Gazi, Kenya, ambako watafiti na wanakijiji walikuwa wakipanda na kupima tangu miaka ya mwanzo ya 1990, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza kaboni ya hekta 117, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, na mapato yake yakaenda kwenye maji ya kijiji na shule. Ule ni mfano ninaoutaja kila ninapoulizwa kama watu wa pwani wanaweza kulinda msitu wao na kunufaika nao. Lakini nina wasiwasi pia, na naueleza kila kikao ninachoalikwa. Fedha zikifuata tani, watu hurudi kwenye kuhesabu miche, kwa kuwa mche hupigwa picha na kimo cha ardhi hakipigwi. Nimesoma maandiko ya kuomba fedha yenye kurasa arobaini ambamo neno maji limetajwa mara mbili. Mengine yanapanga kupanda kwenye uwanda wa tope tupu, uleule, na nikiandika maoni yangu nakumbuka jinsi kile kijiti kilivyokatika mkononi.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote haina picha nzuri hata moja. Ni kupima kama tope linapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulizamisha fimbo za chuma ardhini, kipande juu ya kipande, mpaka zikagoma kwenda chini. Juu ya fimbo hufungwa mkono wa chuma ulio sawa kabisa na levo, na kwenye mkono huo hushushwa vijiti tisa vyembamba hadi viguse uso wa tope. Unapima urefu unaobaki juu, unageuza mkono upande mwingine, unapima tena: pande nne, vipimo 36. Pembeni tulinyunyiza unga mweupe wa madini ya feldispa ili tujue baadaye ni tope kiasi gani limekaa juu yake. Fimbo inakueleza kama ardhi yote imepanda au imeshuka, na unga unakueleza tope lililoongezeka. Tofauti yao ni yale yanayotokea chini, mizizi inayojijenga na kuoza, na tope linalojikandamiza.

Ni kazi ya milimita. Unalala kifudifudi juu ya ubao, shavu karibu na tope, unashusha kijiti kwa vidole viwili mpaka kikae bila kuzama. Kikigusa jani, andika. Kikiingia kwenye tundu la kaa, andika. Siku moja kaa mdogo alitoka akashika kijiti cha sita kwa gando lake na tukangoja sote, mwanafunzi wangu ameshika kalamu, mpaka alipoamua kukiachia. Kanuni kubwa ni kutokanyaga ndani ya eneo, kamwe, kwa sababu unyayo mmoja unafuta miaka ya kipimo. Mwaka wa sita mimi mwenyewe niliteleza kutoka kwenye ubao, mguu wangu ukaingia hadi kwenye goti katikati ya kituo kizuri kuliko vyote. Kituo hicho tulikifunga. Nilimwandikia kila mwenzangu aliyekuwa akitumia takwimu zake, mmoja mmoja, nikaeleza kilichotokea na tarehe yake. Nililala vibaya wiki nzima. Ningefanya hivyo tena, kwa kuwa takwimu iliyofichiwa kosa lake ni mbaya kuliko kituo kilichofungwa.

Kwa nini tunalala topeni hivyo? Kwa sababu bahari inapanda. Wastani wa dunia kati ya 2006 na 2018 ulikuwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Mwaka 2020 Neil Saintilan na wenzake walitazama mashapo ya zamani, tangu barafu kuu zilipoyeyuka, wakaona kwamba mikoko haina uwezekano wa kujenga ardhi yake kwa kasi ya kutosha pindi bahari inapopanda kwa zaidi ya milimita 6.1 kwa mwaka. Milimita sita ni karibu unene wa penseli. Ardhi ikishindwa kupanda na bahari, msitu mzima unashuka taratibu hadi kwenye kimo kile tulichopandia miche yetu, bila mtu kuukata. Msitu wenye nafasi nyuma yake unaweza kurudi ndani. Wenye tuta, ukuta au barabara hauna pa kwenda. Ndiyo maana leo, nikiulizwa fedha ziwekwe wapi, najibu bila kusita: iacheni wazi ardhi iliyo nyuma ya mikoko, na ifungueni mikondo iliyozibwa. Kisha, kama kuna kilichobaki, tuzungumze habari ya miche.

Tatizo ni kwamba kipimo cha miaka mitatu hakisemi kitu. Milimita za mwaka mmoja humezwa na mvua moja kubwa au na kaa waliochimba. Inahitaji miaka kumi, kumi na tano, na fedha za utafiti huja kwa miaka mitatu mitatu. Mara mbili katika maisha yangu ya kazi mradi umekwisha na fimbo zimebaki ardhini bila mtu wa kulipwa kuzisoma. Mara zote mbili tumeendelea kuzisoma kwa njia zetu, mzee akituvusha bila malipo, na baada ya yeye kufariki, mjukuu wake. Ule mfululizo usiokatika ndicho kitu changu cha thamani kuliko makala zote nilizochapisha. Sehemu mbili za msitu wetu zinapanda pamoja na bahari. Moja, ile iliyo mbali na mto na haipati tope jipya, imeanza kuachwa nyuma. Hatukuweza kuliona hilo mpaka mwaka wa tisa.

Uwanda wa vijiti bado upo. Vijiti vyenyewe vilishaondoka na maji zamani. Pamebaki tope linalong'aa, ndege, na watu wanaotega samaki, na majani ya bahari sehemu ya chini yamerudi kuwa mazito. Kila mwanafunzi mpya ninayempokea nampeleka pale kabla hajashika utepe wala mche. Nampa fimbo yenye sentimita, daftari na chupa ya maji ya kunywa. Kazi yake ya kwanza ni kukaa mtumbwini siku ya maji mafu, toka maji yaanze kushuka hadi yajae tena, na kuandika kila baada ya dakika kumi yamefika wapi. Wengine hukasirika kimoyomoyo. Wamekuja kusoma ikolojia, na mimi nawapa fimbo. Sisemi kitu. Nakaa upande wa pili wa mtumbwi na mpira wangu wa waashi miguuni.

Wiki iliyopita nilikuwa na binti aliyekuja na mpango kamili wa kupanda, umechapwa, umefungwa vizuri. Kufikia saa saba mchana alikuwa ameacha kuutazama. Aliinama pembeni akasoma fimbo, akaisoma tena, kisha akageuka kuutazama msitu, kwenye ule mstari hafifu wa tope unaopita toka shina hadi shina.

"Mwalimu," akasema, "maji yamesimama. Hapa hayashuki tena."

"Andika saa," nikamwambia.